Mwanzi wa Mzee Ramazani

Tangu nirudi Singida sipiti sokoni kwa amani. "Hango, kulitokea nini huko? Mbona umerudi kimya hivyo?" Mimi kimya! Mimi ambaye mke wangu hunifukuza jikoni kwa maneno! Nimejaribu kuwasimulia kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili nimeishia njiani. Basi naandika. Mkishasoma mpokezane, na msiniulize tena mbele za watu.

Habari za barua, mihuri na vibali naziruka, hazina utamu wala uchungu. Jueni hili tu: kamati yetu ya utamaduni ilikubali kuwapokea wacheza sarakasi wawili kutoka Kongo, baba na binti yake, na kuwasindikiza hadi Mwanza. Huko Mwanza kuna kikundi kinachokusanya wachezaji wa nchi zote hizi jirani, Waganda, Wakenya na wa kwetu, na kilikuwa kinatafuta binti wa kupanda juu. Siku ya kumtazama ilishapangwa, Jumamosi ya tatu ya mwezi, na ikipita imepita. Njiani wangecheza katika vijiji vya ujamaa, na vijiji vingewalisha na kuwalaza. Wa kuwasindikiza nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nasema Kinyaturu, Kinyiramba, na Kigogo cha kuombea maji ya kunywa.

MANYONI: SIKU MBILI ZA KUNGOJA TRENI

Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa ifike Jumatatu asubuhi. Jumatatu ikaisha. Dereva wetu Hamisi, mtu mwembamba mwenye kejeli nyingi kuliko mizigo aliyowahi kubeba, akajilaza chini ya lori lake akasema, "Treni ni kama mkwe, haiulizwi inakuja lini." Tukala mihogo ya kuchemsha na chai ya mama mmoja pale stesheni, asubuhi, mchana na jioni, mpaka yule mama akaanza kuniita shemeji.

Jumanne alasiri treni ikaingia. Cha kwanza kushuka hakikuwa mtu, ulikuwa mwanzi. Unatoka kwenye behewa la mizigo, unatoka, unatoka tu, mpaka wapagazi wakaanza kucheka. Mwanzi mnene wa msituni, mrefu kupita nyumba yoyote ya Manyoni, umevishwa ngozi chini na juu. Mmoja akasema ni nguzo ya simu. Mwingine, katibu wa kijiji fulani, akanijia kabisa na kuniomba niwaachie wautumie kuwa mlingoti wa bendera, maana wao wanapandishia kwenye mti uliopinda na wageni wanawacheka.

Nyuma ya mwanzi akashuka mzee mfupi mwenye kifua kipana na kofia ya kitambaa, halafu binti mwembamba wa miaka ishirini na kitu, amekumbatia ngoma.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jambo, mwana. Mimi Ramazani. Huyu Mapendo. Mupiga ngoma wetu amebaki Kigoma, malaria ilimulaza."

"Pole sana, mzee. Sasa ngoma nani atapiga?"

Akaitazama mikono yangu, akaigeuzageuza kama mtu anayenunua viazi. "Weye si uko na mikono?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Jioni ile ile, nyuma ya stesheni, karani mzima wa Singida nilikuwa nimekaa juu ya gunia nafundishwa ngoma. Masharti yake yalikuwa matatu. Mapendo akiupanda mwanzi, nipige polepole. Akifika juu, nipige haraka. Na akipiga yowe, nipige kwa nguvu zangu zote, watu wasisikie namna mzee anavyopumua huku chini.

Mapendo akaanza kuniita "yaya". Hamisi akacheka mpaka akashika usukani. "Karani, umepata kazi ya kulea watoto!" Kumbe kwao yaya ni kaka mkubwa. Nikaipokea heshima yangu, Hamisi na acheke.

KILIMATINDE: TUNAPANDA KWA MIGUU

Lori lilikataa kilima. Hamisi alilibembeleza, akalitukana, akalibembeleza tena, likarudi nyuma. Ikabidi mwanzi ubebwe mabegani na tupande kwa miguu, mimi mbele, Hamisi katikati, mzee nyuma, na Mapendo ametangulia na ngoma kichwani anaimba.

Mzee Ramazani alisimama mara tatu. Mara ya tatu aliuachia mwanzi, akakaa juu ya jiwe, mkono kifuani, jasho linamtiririka na upepo wa Kilimatinde ulivyo baridi. Nikaogopa. Nikataka kumwita binti.

"Usimuite," akasema. "Keti hapa. Nikuambie kitu, halafu uifunge mudomo."

Nikakaa. Akaniambia kifua kinamsumbua tangu mwaka jana. Kuna siku kinabana, kuna siku kinaacha. Mkewe alishafariki, nyumba waliiacha kwenye vita, na hakuna kwa kurudi. "Nina kitu kimoja tu, ni huyu mutoto. Mwanza wakimuchukua, atakuwa na watu, atakuwa na kazi, atakuwa na kwao. Lakini hawawezi kumuona mpaka apande, na hawezi kupanda bila mimi kusimama chini. Akijua kifua changu kiko hivi, hapandi hata siku moja. Nimufikishe tu. Nikimufikisha, nimemaliza."

Nikaapa kwa Mungu sitasema. Hapo ndipo nilipojifunga kamba ya kwanza shingoni mwangu, na nilijiona mtu mwema kabisa.

Juu kileleni, karibu na misheni, wazee walikuwa wamejipanga kutupokea. Mapendo akamwendea mkubwa wao, mzee wa kanisa mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akampa mkono wa kuume na kusema kwa furaha, "Jambo, papa!"

Jamani! Yule mzee akauangalia ule mkono, akaniangalia mimi. Nikamvuta binti pembeni nikamfundisha: hapa kwetu mkubwa haambiwi jambo, anaambiwa shikamoo, na magoti yanakunjwa kidogo. Akaelewa haraka mno. Akarudi akamwamkia yule mzee vizuri, kisha akamwamkia mkewe, kisha Hamisi, kisha msichana wa shule aliyeleta maji, kisha mtoto aliyebebwa mgongoni. "Shikamoo," anasema, magoti yamekunjwa. Mtoto akalia. Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi, na mambo yakawa mepesi.

Hapo nikauona mchezo kwa mara ya kwanza. Mzee anausimamisha mwanzi begani, haushiki kwa mkono, na Mapendo anapanda mpaka ncha, anajilaza kwa tumbo juu kabisa, mikono na miguu hewani. Halafu anateleza. Anateleza kweli, wewe unamwona anakufa, anapiga yowe kali, na magoti ya mzee yanatetemeka chini. Mara anadaka mwanzi kwa mguu mmoja, anacheka, anashuka kwa kasi. Nilisahau ngoma.

KABLA YA IKUNGI: WATU WANAKUJA NA MIKUKI

Sasa hapa ndipo palipoanzia kila kitu, nami nawaomba msinihukumu mpaka nimalize.

Ninyi Wanyaturu wenzangu mnajua yowe ni nini. Kwa wengine watakaosoma: kwetu mtu haogopi ovyo kwa sauti. Ukipiga yowe umeita. Aliyesikia anaacha jembe, anachukua silaha iliyo karibu, anakimbilia lilikotoka, na yeye analipokea analipeleka mbele kwa jirani. Wezi wa ng'ombe, moto, fisi, mtu kaanguka kisimani, haijalishi, kwanza unafika. Anayesikia akakaa nyumbani analipishwa mnyama. Na anayepiga la bure naye analipishwa mnyama. Mambo haya ninayajua tangu ninanyonya. Na bado, nikiwa nimekaa na ngoma yangu mapajani katika kiwanja cha kijiji kimoja kipya, wala hayakunijia kichwani!

Kilimatinde tulicheza katikati ya misheni, watu wote wapo, hakuna aliyekuwa mbali wa kusikia. Huku kijiji kizima kilikuwa shambani kwa kazi ya pamoja, waliokuja kiwanjani walikuwa mama wachache na wazee wa kuchunga nyumba. Mapendo akapanda. Akateleza. Akapiga yowe.

Mama mmoja mbele yangu akasimama, mkono mdomoni, akalipokea. Nikasikia lingine upande wa mtama. Lingine kilimani. Lingine mbali kabisa. Nikapiga kelele, "Acheni! Ni mchezo!" lakini nani anisikie? Walikuja kutoka pande zote, pinde, mikuki, rungu, majembe. Mwingine alikuwa kifua wazi. Mwingine alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja, upande wa pili una povu la sabuni. Mama mmoja alikuja na mwiko wenye ugali. Nadhani walifika mia tatu, na wengine bado wanaonekana wanakimbia kule kwenye kichuguu.

Wakatuzunguka, wanahema. Mapendo alikuwa ameshashuka, amejificha nyuma ya baba yake.

"Binti, umeona nini?" akauliza yule wa ndevu nusu.

"Sijaona kitu, papa... shikamoo," akasema Mapendo. "Ni muchezo."

"Mchezo?"

"Ndiyo. Nacheza kuanguka."

Nikajitosa. Nikasema Kinyaturu chote nilichonacho: ni wageni, wametoka nje ya nchi, hawajui, kosa ni langu mimi mwenyeji. Mwenyekiti wa kijiji naye akasaidia. Wakabishana kwa saa nzima. Mwisho wakakubali kuwa mnyama hadaiwi kwa sharti moja, mchezo urudiwe wote, kwa sababu hawawezi kukimbia maili mbili na mikuki halafu warudi bila kuona kitu.

Ukarudiwa. Wakafurahi mno, tukala mlenda na ugali wa uwele, na Mapendo ambaye hajawahi kuuona mlenda akauvuta mpaka usawa wa masikio akiutafutia mwisho wake. Lakini wakati tunapakia, Mzee Ramazani akaniambia, "Tulitoe hili yowe. Hata kwetu vitu vingine vinatolewa." Na yule bwana wa ndevu nusu, bado amenuna, akadakia, "Litoeni. Tena leo leo."

Mimi nikakataa. Mimi! Nikasema bila yowe mchezo utapooza, watu watapiga miayo, na huko Mwanza atakwenda kucheza akiwa amezoea mchezo uliopooza. Nikasema niachieni mimi, nitaongea na watu kabla. "Nitawaambia wakisikia yowe wakae chini, basi."

"Huwezi kumwambia mtu asiitike yowe," akasema yule bwana.

"Utaona," nikamjibu. Kiherehere changu, jamani.

SINGIDA MJINI: SPRINGI NA MIGUU

Springi ya lori ilikatika kabla hatujafika mjini, tukaingia tunayumba. Fundi akasema siku mbili, akakaa nalo nne. Wageni wakalala kwangu.

Siku ya kwanza Mapendo alikwenda Singidani kuoga, akarudi amekasirika, sabuni haitoi povu na ngozi imepauka. "Hii ziwa ya ninyi ni chumvi!" Mke wangu, Mama Neema, akamcheka, akamchotea maji ya kisimani, na tangu hapo wakawa marafiki wa kukaa jikoni. Kuku alichinjwa na Hamisi, kwa kuwa wageni ni Waislamu na sisi ni Walutheri, na Hamisi akadai mapaja yote mawili kwa kazi hiyo.

Siku ya tatu Mama Neema akaniita uani. "Baba Neema, umeiona miguu ya mzee?"

"Imefanya nini?"

"Imevimba. Nimembonyeza wakati namkandia maji ya moto, kidole kimeacha shimo. Huyu mtu mgonjwa. Mpeleke hospitali."

Nikamwendea mzee. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Nikienda, watanilaza. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Jumamosi ya wiki ijayo tuwe Mwanza. Wakinilaza, Mapendo anapandia kwa nani? Kwako?" Akacheka, akanipiga begani. "Umeapa, mwana."

Nilikuwa nimeapa. Nikamwambia Mama Neema mzee amechoka tu kwa safari. Akaniangalia sana, akarudi jikoni kuchemsha maji mengine.

Siku hizo za kungoja springi nikatengeneza kipaza sauti changu, bati nililolikunja kama bomba. Tulipoondoka, kila kijiji nilitangulia kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima, nikasimama kiwanjani, nikatangaza kwa Kinyaturu na mbele zaidi kwa Kinyiramba: "Leo mtasikia yowe! Ni la mchezo! Msikimbie, msichukue mkuki, msilipokee! Atakayesimama ataharibu starehe ya wenzake!" Watu walicheka. Iguguno ikawa sawa. Misigiri ikawa sawa kabisa. Mapendo anapiga yowe, watu wamekaa, wengine wanamwigiza. Nikajiona nimevumbua dawa. Nikamwambia Hamisi, "Umeona? Watu wanafundishika." Hamisi akapanda lorini akawasha injini.

SEKENKE: SIKU YA JUMANNE

Tulishuka mlima wa Sekenke kwa kutanguliza watu na mawe ya kuwekea matairi, mwendo wa konokono, tukafika saa nane mchana. Mnapajua, mashimo ya zamani ya dhahabu, watu wanaochimba kidogo na kulima kidogo. Walikuwa wametupikia mbuzi. Walikuwa wamefagia kiwanja. Nikaweka bati langu mdomoni nikatangaza kama kawaida, tena siku hiyo niliongeza madoido: "Hata akimwita mama yake, kaeni! Hata akiniita mimi!" Wakaangua kicheko.

Mzee alikula matonge mawili tu. Nikamuuliza kwa macho. Akaniambia kwa macho kwamba yuko sawa.

Akaweka mwanzi begani. Mimi nilikaa nyuma yake, kama siku zote, naona mgongo wake, uso wake unaelekea kwa watu. Mapendo akapanda, mimi polepole. Akafika juu, mimi haraka. Akajilaza, akateleza, akapiga yowe, nami nikaipiga ngoma kwa nguvu zote. Watu wamekaa, wanacheka.

Akapiga yowe la pili.

Mchezo una yowe moja. Nilijua una moja. Nikadhani amenogewa.

Halafu akaita, "Papa! Papa!" Alikuwa anatazama chini, moja kwa moja usoni kwa baba yake. Watu wakamwigiza, "Papa! Papa!" Akageuza kichwa kwetu. "Mushikeni! Mushikeni papa!" Kicheko. Magoti ya mzee yanatetemeka, lakini magoti yake hutetemeka kila siku. Mapendo akaniita mimi kwa jina. "Yaya Hango! Yaya Hango!" Watu wakanigeukia, wakanionyesha vidole, wanakufa kwa kucheka, si niliwaambia ataniita? Nami nikatabasamu. Nikaongeza ngoma.

Hakushuka kwa kasi siku hiyo. Alishuka mkono kwa mkono, polepole, bila kuutikisa mwanzi hata kidogo, machozi yanadondoka. Sikuyaona machozi, niliambiwa baadaye. Mzee alisimama. Alisimama mpaka mguu wa mwanawe ukagusa ardhi, na wa pili ukagusa. Ndipo akapiga magoti, akalala kifudifudi, mwanzi ukaanguka kando yake.

Watu wote wakasimama wakapiga makofi. Mimi niliiweka ngoma chini ili nipige makofi vizuri.

Mama mmoja wa mbele, aliyekuwa amekaa na mtoto, ndiye aliyeona uso wake. "Nyie! Huyu mtu amekufa!"

Na alikuwa amekufa. Nilimgeuza mimi. Midomo ilikuwa ya bluu, macho yamefunguka. Sikuamini. Nilimtikisa, nikamwita, nikamwambia tumebakiza siku nne tu mzee, siku nne. Mungu wangu! Mapendo alikuwa amemshika kichwa. Hakulia kwa sauti. Aliniambia tu, "Nilikuita, yaya. Nilikuita kwa jina."

Ningeweza kusema sikusikia, kulikuwa na ngoma na kelele. Lakini nilisikia. Nikamwambia nilisikia. Nikamwambia na habari ya jiwe la Kilimatinde, na kiapo, na miguu iliyovimba, yote, pale pale chini, mbele ya watu. Akaniacha nimalize, kisha akageuza uso.

SEKENKE: WANAKUJA NA DUME

Waislamu wa pale walimwosha na kumzika kesho yake asubuhi, wakamfanyia kila kitu kama ndugu yao. Nilichimba na wengine mpaka viganja vikachubuka. Hamisi alisoma dua, na sikujua kama anaweza.

Alhamisi, tukiwa tunakunja mkeka, wakaja watu kama arubaini, wanaume kwa wanawake, wamevuta dume jekundu la ng'ombe. Mbele alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mnyiramba mrefu, kofia mkononi.

"Binti yetu," akasema, "juzi ulipiga yowe na sisi tukakaa. Huku aliyekaa hulipa. Tumekuja kulipa."

Mapendo akashangaa. "Lakini ninyi mulikatazwa."

"Tulikatazwa. Masikio yalikuwa yetu."

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wananiona na hakuna aliyenitazama. Nikasimama nikasema, "Na mimi? Nitozeni na mimi. Nina mbuzi sita nyumbani, nina ng'ombe mmoja kwa mjomba."

Wakasogea pembeni, wazee wanne, wakazungumza muda mrefu. Nilikuwa nangoja kama mtu anayengoja chakula. Mwenyekiti akarudi.

"Tumetafuta," akasema. "Aliyepiga yowe la bure, tunajua analipa nini. Aliyesikia akakaa, tunajua. Mtu aliyewazuia watu wasiitike, hakuna mzee hapa anayekumbuka kama alishawahi kuwepo. Kwa hiyo hatuna cha kukutoza."

Bora wangenichapa viboko. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia kama mtoto. Mapendo akawaambia dume lichinjwe liwe la matanga, liliwe na waliochimba kaburi. Kisha akamwambia Hamisi, "Twende Mwanza. Papa alisema anifikishe."

MWANZA: JUMAMOSI

Nawaambia mapema kwamba walimchukua, ili msisome haraka mkitafuta hilo tu. Njia ya Igunga, Nzega na Shinyanga nairuka. Tulikula karanga, tulifika Ijumaa jioni tumejaa vumbi.

Kile kikundi kiliposikia msiba kikataka kumpa muda. Akakataa. Alisema mwanzi upo na yeye yupo. Wakampa mtu wa kusimama chini, Mganda mmoja mkubwa mpole anaitwa Mukasa. Wakafanya mazoezi asubuhi yote, na alasiri watu wakaja kiwanjani, wengi kuliko wote niliowahi kuwaona. Mpiga ngoma walikuwa naye wao. Mimi nilikaa kwenye benchi na Hamisi, mikono mapajani, sina kazi.

Alipita mbele yetu kwenda uwanjani. Nilitaka kumwomba msamaha tena. Akasema, "Yaya, kaa. Nitacheza kama papa alivyonifundisha, vyote." Akaenda.

Akapanda. Sikuweza kuangalia juu, nilimwangalia Mukasa usoni tu, nahesabu pumzi zake. Akafika ncha. Akajilaza. Nilijua kinachofuata, jamani, nilikijua kama jina langu, nimekipigia ngoma mara ngapi.

Akapiga yowe.

Sijui nilisimamaje. Nilikuwa nimeshavuka mabenchi mawili, nimemkanyaga mtu, nimeangusha soda ya mama mmoja, niko katikati ya uwanja nakimbia na kupiga kelele kwa Kinyaturu. Watu wa Mwanza wakaangua kicheko, wakidhani nimo kwenye mchezo. "Mzee, kaa chini!" wanapaza sauti. "Kaa chini, anacheza huyo!" Hamisi alinifuata, akanishika shati, likachanika. Sikukaa. Nilifika chini ya mwanzi kando ya Mukasa, nikanyoosha mikono juu, mimi karani mwenye kitambi nisiyeweza kudaka hata embe, nikabaki hivyo, wananicheka, mpaka miguu yote miwili ya Mapendo ikagusa ardhi.